Kidole cha Baba Yako

Mwanangu mpendwa,

Sisi ni wazima. Upepo uliezua paa la jiko, nalo limekwisha kurudishwa.

Ulichosikia ni kweli: baba yako alimvunja nesi pua. Alipokuwa akitumia dawa za ukoma, mabaka yalivimba na kiwiko kikamuuma hata akalia. Akaamini analishwa sumu. Alivitupa vidonge motoni, akamkaba nesi ukutani, akampiga ngumi. Nilipoingia kati mimi kaka yake, aling'oa meno yangu mawili. Nikamwangusha, nikamkalia kifuani, damu yangu ikimdondokea usoni.

Nesi alisema, kitambaa puani: "Hiyo si sumu, fundi. Chembe za kinga mwilini huitana kwa kemikali. Wito ulikuwa hafifu, vijidudu vikajificha kwenye neva. Sasa dawa inaviua, wito umekuwa mkali, vita vinapiganwa humo humo. Nitakuletea dawa ya kuituliza kinga hiyo, lakini ya ukoma usiiache. Ukiiacha, mkono huo utaupoteza."

"Utarudi kweli?" baba yako aliuliza, akihema chini yangu.

"Nitarudi. Ukinigusa tena, kaka yako atakukalia mpaka jioni."

Nesi alirudi, na baba yako akazimeza dawa zote.

Juzi, akipigilia misumari kwenye karakana yake, alijigonga kwa nyundo kidole kile ambacho kwa ukoma hakikuwa kikihisi hata moto. Akatukana matusi mazito mbele ya wateja. Unajua nisivyovumilia matusi. Nilimwomba ayarudie.

Ni mimi,
Baba yako mkubwa