Kigae cha Mwisho

Shoga, uko hapo?

Wenye nyumba wamekuja! Wale watu mia na ushee waliochangishana mtandaoni wakanunua hili gofu, nasi wapangaji tukawa tunalikarabati badala ya kulipa kodi. Wametuma watatu, msimamizi akiwa mbele.

Wameingia bafuni kwangu BILA HODI. Mimi nimepiga magoti, ndiyo kwanza nimebandika kigae cha mwisho. Msimamizi akaninyooshea kidole: "Huyu ndiye fundi wetu."

Fundi wetu! Mimi niliyelala humu miezi minane na vumbi la saruji puani!

Akaendelea, "Hongera dada, ukarabati umekamilika. Mwisho wa mwezi utupishe, tumepata mpangaji wa kulipa."

UTUPISHE.

Nikamuuliza, "Mkataba si unasema nakaa bure mpaka ukarabati ukamilike?"

"Ndiyo. Na umekamilika."

Shoga, saruji ilikuwa bado mbichi. Nikachomeka mwiko, nikakibandua kile kigae mbele ya macho yao.

"Bado," nikasema.

Sasa nimekilalia, kiko chini ya mto. Anayekitaka aanze kwa kupiga hodi.