Samaki wa mjukuu hataki mgeni

Shoga, kitendawili! Nyumba ya kioo, mwenyewe kapambwa kama bibi harusi, mgeni akiingia anachaniwa nguo. Usihangaike, ni yule samaki mpiganaji wa mjukuu wangu.

Nilimwonea huruma, yuko peke yake kwenye kitangi kidogo kama sufuria. Nikamnunulia wenzake wawili wenye mikia mirefu.

Mikia, shoga! Kaichana yote mbele ya macho yangu! Nimewahamishia kwenye bakuli, mmoja amelala ubavu.

Nikampigia muuzaji: "Baba, sasa huyu akae na nani?" Kacheka, kakata simu.

Mara mjukuu huyo, katoka shule. Kaangalia bakuli, kaligusa kwa kidole. Nikamwuliza yeye: "Akae na nani, mama?"

Kavuta kigoda, kakaa mbele ya kitangi.

"Na mimi, bibi."