Habari za Barabara

Jumamosi jioni, mwezi wa saba

Upepo wa leo ni wa kupasua midomo. Umevuma tangu alfajiri, umeingiza vumbi mtungini, kwenye nywele, hata ndani ya foronya. Lakini mimi nina furaha, na nisipoandika sasa hivi kabla shangazi hajaniita kupepeta mtama, itanitoroka.

Leo nimesema mbele ya watu.

Nimeiandika peke yake hiyo, ipate nafasi ya kupumua. Shuleni Tabora wananiita Kimya. Mwalimu akiuliza swali ninalolijua, mkono wangu hupanda mpaka begani, hujikuna kidogo, kisha hurudi chini. Kiingereza nakisoma, nakiandika, ndoto nyingine naziota kwa Kiingereza, lakini kikifika mdomoni kinakuwa jiwe. Kiswahili nacho, mbele ya watu wazima, si nafuu sana. Ndiyo maana likizo napenda kuja huku kijijini kwa shangazi Nyanzala. Mbuzi hawaulizi maswali.

Asubuhi ilikuja Landrova ya serikali. Tulikuwa tumeambiwa. Wataalamu wanataka kuchimba kisima cha kutafutia gesi huko mbele yetu, kwenye mbuga ya Wembere, na kabla ya kuleta mtambo lazima aje mtu wa kupima barabara, aone kama malori marefu yenye mzigo mzito yatapita. Barabara yenyewe ndiyo hii inayokatiza kijiji chetu cha ujamaa. Neno gesi limewasumbua watu wiki nzima. Bibi jirani aliuliza mkutanoni kama inatekwa kwa ndoo au kwa kibuyu, na mwenyekiti wetu, Mzee Maganga, akamjibu kwa sauti ya jukwaani kwamba gesi ni mali ya taifa. Maswali yakaishia hapo.

Gesi ni ya taifa, sawa. Ila barabara ni yetu, na sisi tulikuwa tunamsubiri huyo mpimaji kwa hamu yetu nyingine.

Nje kidogo ya kijiji barabara inakutana na korongo. Sasa hivi ni mchanga mtupu, watoto wanacheza mpira humo. Masika, ambayo kwetu huanza Novemba, linajaa maji, na ile mbuga ya udongo mweusi iliyo kando yake, ambayo leo ni ngumu kama sakafu ya saruji, inageuka uji. Gari halipiti. Mwaka juzi shangazi alishikwa na uchungu mvua ikinyesha. Wakambeba kwenye kitanda wamvushe, kwa kuwa lori la pamba lilikuwa linamngoja ng'ambo limpeleke hospitali ya Kitete. Hawakuvuka. Binti yake alizaliwa pale ukingoni, chini ya mwavuli wa mwenyekiti, na ndiyo maana anaitwa Kabula, mtoto wa mvua. Watu huisimulia kwa kucheka kwa sababu mama na mtoto walipona. Shangazi naye hucheka. Lakini mimi nalala naye chumba kimoja, najua kwamba ni mjamzito tena, na nimemsikia akihesabu miezi kwa vidole. Kila akihesabu anaangukia masika.

Mzee Maganga alikwishatueleza: injinia akiona barabara haiufai mtambo, daraja litajengwa kabla ya mvua. Akiona inaufaa, basi, imefaa, na sisi tuendelee na kitanda chetu.

Injinia ni mzungu mrefu, mpole, shingo imewiva kwa jua. Dereva wake ni kijana wa Dar es Salaam, kaka Hamisi, amevaa suruali ya bugaluu, pana mpaka inafagia vumbi. Kiingereza cha kaka Hamisi kinaishia kwenye breki na pancha. Kwa hiyo injinia akaomba mtu wa kumtafsiria.

"Tunaye!" akapaza sauti Mzee Maganga. "Msomi wetu, Kalunde! Toka huko nyuma ya ghala!"

Nilikuwa nyuma ya ghala kwa sababu hiyohiyo.

Nikiri kwamba mwanzo ulinipendeza. Vijana walishika utepe, injinia akapima upana, akatazama matawi yanayoning'inia chini, akakanyaga kingo za barabara kwa kisigino. Kuna mahali, kwenye tambarare kabisa, barabara inapinda ghafla kama nyoka aliyeshtuliwa. Lori refu halikati kona ile. Akauliza kwa nini inapinda na hakuna mlima. Mzee Maganga akasema hii ni njia ya misafara ya zamani. Wapagazi walikwenda mmoja nyuma ya mwingine, pembe za ndovu mabegani, na mti ukianguka njiani hakuna wa kutua mzigo aukate, wanauzunguka tu. Mti ukaoza, kona ikabaki. "Mkoloni naye akaja na greda lake, akafuata nyayo zilezile. Hakuuliza mtu!"

Nilipomaliza kuyageuza yote hayo, injinia alicheka sana. Nikajiona mkalimani hasa. Kichwa kikawa kikubwa kidogo.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Aliniomba niwaulize wazee barabara iko katika hali gani mwaka mzima. Swali dogo. Nikageuka, nikakuta macho yote kwangu: wazee, akina mama, fundi baiskeli, watu waliomjua baba yangu akitambaa. Nitawasimamia vipi nikawahoji kama polisi? Nikatafuta njia ya adabu.

"Shikamooni wazee. Habari za barabara?"

"Nzuri!" wakajibu kwa pamoja.

"Njema kabisa," akaongeza fundi baiskeli.

"Mhola duhu," akasema mzee mmoja kwa Kinyamwezi, yaani salama tu.

Nikamgeukia injinia, nikamwambia wanasema ni nzuri sana. Akashangaa kidogo. Na pale korongoni? Nikauliza habari za korongoni. Nzuri tu! Akaandika. Mimi nimesimama pembeni yake na kichwa changu kikubwa, natabasamu.

Saa ya kula tulikaribishwa kwa shangazi. Alikuwa amechemsha chai na kuandaa matobolwa, vile viazi vilivyochemshwa vikakaushwa juani, na asali ya kuchovya. Injinia alivipenda. Akatafuna, akaniambia kwa furaha kwamba kazi imekuwa nyepesi kuliko alivyodhani. Kona ile itanyooshwa, matawi yatakatwa, basi. Daraja halihitajiki, kwa kuwa wenyeji wote wamesema korongo halina shida. Mtambo utakuja Januari.

Januari! Katikati ya mvua!

Nikalitoa tobolwa mdomoni. Nikaliona kosa langu lote kwa mara moja. Habari. Nani katika nchi hii akiulizwa habari hasemi nzuri? Hata paa la nyumba likiwa limeezuliwa usiku, utasema nzuri kwanza, kisha utavuta pumzi, useme "ila". Mimi nilichukua ile nzuri, nikaondoka kabla ila haijafika.

"Kalunde, chai imekuunguza?" shangazi akauliza.

"Msomi kapigwa na asali," akasema kaka Hamisi, na watu wakacheka.

Nikiri tena, maana humu sidanganyi. Wazo langu la kwanza lilikuwa kunyamaza. Pale ugani hakuna mwingine aliyeelewa maneno ya injinia. Ningekaa kimya, ningekuja kuyaandika hapa jioni kwa Kiswahili kizuri cha kusikitisha, na asingejua mtu. Nimekwishaandika hotuba nyingi za namna hiyo.

Kisha shangazi akainuka kwenye kigoda kuongeza chai. Aliinuka polepole, mkono mmoja kiunoni.

Nikasimama. Kikombe kilimwagika, sikukiokota.

"Wazee wangu, samahani," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba kama ya kifaranga. "Masika, gari linapita korongoni?"

Ugani kote kukalipuka vicheko.

"Gari?" akasema fundi baiskeli. "Chura mwenyewe anasubiri maji yapungue!"

"Lori la pamba lilikaa pale mpaka kuku wakatagia ndani!"

"Mwulize mwenyekiti viatu vyake viko wapi. Korongo linavivaa!"

Mzee Maganga alipiga magoti yake kwa viganja. "Alaa! Kumbe sasa ndiyo ameanza kuuliza! Sisi tulikuwa tunangoja salamu ziishe, mwanangu. Tukaona mzungu anaandika, tukasema labda anaandika salamu."

Shangazi aliweka birika chini. "Mwambie mimi nimezaa pale," akasema, bila kucheka safari hii. "Na mwambie huyu wa sasa anakuja na mvua. Mwambie vilevile nilivyosema, usinipunguzie."

Nikamwambia. Nilimwita shangazi mwanamume mara mbili, nikasahau neno la mwavuli nikaonyesha kwa mikono. Lakini jiwe lilikuwa halipo. Maneno yalikuwa yanatoka, mengine yakiwa yamevaa nguo kinyume, lakini yanatoka. Injinia aliacha kutafuna. Akauliza kwa nini basi asubuhi wote walisema ni nzuri, na mimi nikamweleza habari za habari na ila inayoifuata, na kwamba kosa halikuwa lao, ni langu.

Nilidhani atakasirika. Alifuta alichoandika kwa mistari mizito, kisha akaniomba nimfundishe hilo neno la pili. Akasimama katikati ya ua, amejinyoosha kama mtu wa gwaride.

"Habari za barabara?"

"Nzuriii!" wakaitikia wote, mpaka watoto.

"Ila?"

Mvua ya maneno ikanyesha! Kila mtu alikuwa na ila yake. Mbuga inavyonasa matairi, mahali maji yanapochimba, mahali mchanga ulipo imara chini. Mkono wa injinia ulikuwa unakimbia, na mimi nilikuwa nakimbia naye, nikitafsiri huku na huku, nikisahau kuona haya kwa sababu nafasi ya kuona haya haikuwepo.

"Ndugu Injinia," akasema kaka Hamisi, "kwa ila hiyo, uchaguzi ujao nakupigia kura."

Mchana uliobaki tulishinda korongoni. Akapima kina, akatembea ukingo mpaka ukingo, akachimbua mchanga kwa sepetu. Mwishowe akachomeka vijiti vilivyopakwa rangi nyekundu, viwili huku na viwili ng'ambo. Aliniambia niwaeleze ukweli, kwamba yeye hana mamlaka ya kuahidi daraja. Ataandika kwamba barabara hii, kama ilivyo, haifai, na neno la mwisho liko kwa wakubwa Dar es Salaam. Lakini wakubwa wanautaka mtambo wao Wembere, na mtambo hauwezi kuruka. Niliyatafsiri yote, pamoja na lile la kutoahidi, ingawa lilinisumbua ulimi. Mzee Maganga akasema hiyo ni ahadi tosha, maana huwa hatupati hata vijiti.

Landrova ilipoondoka, kaka Hamisi alipiga honi, akaniita kwa jina langu. Si Kimya. Kalunde.

Jua lilipoanza kuwa jekundu, shangazi alinishika mkono tukashuka korongoni, yeye na mimi tu. Akasimama katikati ya vile vijiti viwili, akatazama vya ng'ambo.

"Daraja ndilo hili?"

"Bado, shangazi. Ni vijiti tu."

"Haya. Acha nilijaribu."

Akakusanya khanga yake, akavuka. Hakuteremka mchangani kama watu wote tunavyoteremka siku zote, ovyo ovyo. Alitembea amenyooka kabisa, katikati, taratibu, kama kuna mbao chini yake na maji chini ya mbao. Alipofika ng'ambo akageuka, akaniita nami nivuke. Nikavuka. Nilitazama chini mara moja tu.

Sasa ananiita, mtama unanisubiri. Kuna jambo moja linanikera: vile vijiti ni vikavu, vimenyooka, na kila mwanamke wa kijiji hiki anapita pale asubuhi akienda kutafuta kuni. Kesho nitawahi mimi, nikae palepale, na kila anayepita nitamwambia kwa mdomo wangu viachwe.

Nitaanza na salamu, lakini nitangoja mpaka ziishe.