Kadi ya Marehemu

Lipangalala, Ifakara
Jumapili, baada ya ibada

Mdogo wangu Fabiano,

Shikamoo yako nimeiitikia kabla hujaitamka: marahaba, baba. Huko Njombe baridi imeshawabana? Miguu ya mama inasemaje? Hapa mvua imekata, watu wanavuna mpunga, nami nipo, ila nimekasirika, na sehemu ya hasira hii ni yako.

Umeniandikia kwamba nimemkosea adabu shemeji yangu wa Lupiro. Amekupa habari nusu. Sikiliza nzima.

Unakumbuka Baba Skola alipostaafu kazi ya miwa, matibabu ya kazini yalikoma siku ileile. Nikawa nameza vidonge vya presha kwa kuruka siku, maana hospitali siku hizi ni kulipia. Ndipo alipouza mpunga akatukatia kadi ya mfuko wa afya, mimi na yeye, mwaka mzima. Akafariki mwaka wenyewe haujafika hata nusu. Baada ya arobaini nikaenda zahanati, kichwa kinagonga. Kijana wa dirishani akaigeuzageuza kadi.

"Mama, mkuu wa kaya yuko wapi?"

"Makaburini."

"Pole sana. Basi na kadi imeishia hapo. Katafute kaya nyingine ikuandikishe."

Fabiano! Nyumba hii niliikandika udongo kwa mikono hii. Shamba la Katindiuka nimelipalilia mpaka mgongo ukapinda. Leo naambiwa nikatafute kaya kama kuku aliyepotea! Kwani presha yangu ilizikwa na mume wangu? Hela ya ile kadi ilitoka kwenye mpunga tulioulima wawili. Nilirudi nyumbani nalia kwa hasira, sikupewa hata kidonge kimoja.

Wiki iliyofuata shemeji akaja. Akala wali na samaki, akafuta mdomo, akasema, "Shemeji, usihangaike. Kadi mimi ninayo. Nikikurithi, wataandika jina lako chini ya la mke wangu, utatibiwa." Anasema hivyo, macho yake yapo kwenye baiskeli ya marehemu iliyoegemea ukutani.

Nikamwambia, "Shemeji, mimi natafuta vidonge, sitafuti mume."

Ndiyo hayo matusi aliyonishtakia kwako. Na wewe, uliyenyonya nami ziwa moja, unaniandikia, "Kubali tu dada, utatibiwaje?" Kweli mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Niolewe kwa ajili ya presha, bibi mwenye wajukuu! Umeniumiza kuliko yule kijana wa dirishani, maana yeye hanijui.

Alhamisi nikaiuza baiskeli kwa mvuvi mmoja, nikarudi zahanati.

"Umepata kaya, mama?"

"Nimepata. Andika."

"Mkuu wa kaya nani?"

"Mimi."

Akaweka kalamu chini. Akanieleza kwamba kaya ni baba, mama na watoto. Nikamwuliza, mimi ninayelima mwenyewe, ninapika mwenyewe na kufunga mlango mwenyewe, naitwa nani? Akasema nisubiri pembeni. Sikusogea. Foleni ikaanza kunung'unika, mpaka bibi mmoja nyuma yangu akapaza sauti, "Mwandike huyo, nami ni mjane nafuata!" Kijana akaandika.

Nimelipa sawa na nyumba yenye watu tele, na miezi iliyobaki kwenye kadi ya Baba Skola wameimeza. Hilo sijawasamehe. Lakini vidonge ninavyo na kichwa kimetulia.

Kwa hiyo usinitafutie mume, wala nauli ya kurudi huko Njombe usitume. Mwambie mama nakula vizuri. Wifi yangu msalimie, blanketi lake limefika, ingawa kwa joto la huku nalitandika tu. Wapwa zangu hao wasome.

Na shemeji akikuandikia tena kuulizia baiskeli, mjibu kwamba umemwuliza mkuu wa kaya, naye amesema imeuzwa.

Ni mimi dada yako,
Sesilia,
mkuu wa kaya