Mdachi, Mlango Wangu na Mbuzi wa Idi

Chole, Jumatano, siku ya kumi na mbili ya Mfungo Pili. Alfajiri manyunyu, kisha jua kali la kuanika mbata. Moyo wangu mweupe, ingawa shemeji Makame, mume wa dada yangu, tangu adhuhuri hanisemeshi.

Nianze na aibu yangu: picha niliitaka.

Makame ni mkalimani wa boma la Wadachi. Jana alinambia kuna Mdachi msafiri anaandika kitabu cha visiwa vyetu, anataka kumpiga picha mwanamke anayesuka mkeka. Basi leo nikajitia wanja, nikavaa kanga mpya na vipuli vya mama. Nikakaa barazani na ukili wangu, mbele ya mlango wa nakshi aliouchonga babu.

Mdachi akaja. Hodi hakupiga. Akanitazama, akautazama mlango, akakunja uso.

"Shemeji, anasema uvue vipuli," Makame akanambia. "Ukakae chini kule kwenye banda la mbuzi. Nyumba ya mawe, anasema, si ya wenyeji, ni ya Waarabu."

Ala! Nyumba niliyozaliwa mimi!

"Mwambie aliyeuchonga mlango huu kazikwa hapo nyuma, akamsalimie. Atanipiga hapa au hanipigi."

"Shemeji, tafadhali, usinitie matatani."

Kweli nilimhurumia. Lakini watakaoitazama picha ile hawatakuja Chole kuniuliza mimi ni nani. Watakachokiona ndicho watakachokiamini. Sikuinuka.

Mdachi akahangaika mtaa mzima. Bi Mwanaidi naye akataka apigwe mbele ya mlango wake, Bi Time akafunga dirisha. Mwisho akarudi uani kwangu, akalipiga picha banda, na mbuzi wetu wa Idi kasimama mbele anatafuna. Kisha akaandika daftarini kwa muda mrefu.

Nakiri roho iliniuma kidogo. Vipuli vile vilinipendeza.

Haya, yeye ana daftari, na mimi ninalo. Nimemwandika: mrefu, shingo nyekundu, hodi hajui.

Idi haiko mbali. Makame nitampelekea paja zima, tupatane. Na kitabu kikifika Ulaya, huyo mwenyeji wa Chole aliyetiwa humo tutakuwa tumeshamla kwa pilau.