Kogo na Njia ya London

Chebunyo, Jumanne, Mei 1997

Chebet, binti yetu, amepiga simu kutoka London. Madaktari walitoa mayai yake, wakayachanganya na mbegu za mumewe kwenye kisahani cha maabara, na leo wamerudisha moja tumboni. Sasa ni kungoja kama litashika. Mara mbili zilizopita halikushika.

"Mzee, si ni kama ng'ombe wetu na sindano ya mbegu?" mke wangu alitania.

Mimi nawaza jina. Kwetu mtoto hunusishwa ugoro akiitiwa majina ya wafu, na chafya huonyesha nani amerudi. Kogo, nyanya yangu, tulimwacha kaburini Kericho Wazungu walipotuhamisha; mashamba yao ya chai yamemfunika. Namwona akitembea ukunguni, akiuliza njia ya London.

Mke wangu anafunga ugoro kwenye kitambaa, wa kumtumia Chebet.