Viatu vya Msiba Havina Risiti

Jumatatu, 10 Juni 2024
Nimetoka kwa mhasibu wangu, Evanthia. Hasira mpaka kooni. Mwaka mzima nimemkatia kila mteja risiti — hata wa kutobolewa tundu la mkanda! Serikali haiamini. Eti fundi viatu mwenye miaka thelathini na moja kazini hawezi kupata kidogo hivi. Kadiri unavyozeeka dukani, ndivyo wanavyodhani unatajirika. Wamenikadiria karibu mara mbili ya nilichopata, na kodi ni ya hicho walichokadiria. Nikiilipa, nafunga duka.

Alhamisi, 13 Juni
Jirani yangu Lefteris, fundi bomba, hajakata risiti tangu abatizwe. Naye kakadiriwa vilevile! Amenicheka mpaka kahawa ikampalia. "Argiris, hizo risiti ulikuwa unamwandikia nani? Mungu?" Nilimchukia. Nilijichukia zaidi.

Evanthia anasema njia ni moja: kupinga, na kuwaita wakaguzi mwenyewe. Wakikuta malipo hata mara moja bila risiti, basi, pingamizi linatupwa, nimekwisha. Nimesaini. Sina cha kuficha.

Jumamosi, 21 Septemba
Wakaguzi bado hawajaja. Kazi kidogo. Mama Poliksena wa ghorofa ya juu kafiwa na mumewe wiki iliyopita. Kaleta viatu vyake vya kahawia nivitie rangi nyeusi. Baba hakuwahi kutoza viatu vya msiba, nami sijawahi. Alifungua pochi, nikamfungia. Aliondoka kanuna.

Jumanne, 8 Oktoba
Mkaguzi kaja. Kijana mpole, ana adabu — afadhali angekuwa mkali. Kapekua karatasi kwa muda wa saa mbili. Kila kitu sawa. Alikuwa anafunga mkoba, akaingia Mama Poliksena, kisigino kimelegea.

"Rangi imeshika vizuri, fundi, ila kisigino hiki kitaniangusha."

Mkaguzi akavitazama vile viatu vyeusi. Akauliza vilitiwa rangi lini. Akatafuta risiti. Hakuna.

Nikamweleza: vya msiba hatutozi. Nikadhani mama atanitetea. Akanyoosha mgongo.

"Mimi si ombaomba, mwanangu. Marehemu hakuniacha nikiomba. Nililipa. Yuro kumi na tano, mkononi mwa fundi."

Kijana akafungua tena mkoba, akatoa kalamu. "Mzee Argiris, alilipa au hakulipa?"

Nikisema hakulipa, nimemfanya mwongo na fukara mbele ya mgeni, na arobaini ya mumewe bado. Nikisema alilipa — miaka thelathini na moja, kwaheri.

Nimewaambia gundi inataka dakika kumi. Naandika haya chumba cha nyuma, kiatu cha mama mapajani. Kawekewa kiti huko mbele, mguu mmoja peku. Namsikia akimwambia kijana asihangaike kuuliza mtaa mzima: fundi huyu hajawahi kusema uongo, atakachosema ndicho aandike.

Gundi imekauka. Wananiita.